Kitabu Hii Hapana

Mwalimu alipopewa kitabu cha picha, kwanza alikigeuza juu chini. Kisha alikishika kwa mkono ulionyooka, akarudi nyuma hatua nne mpaka mgongo ukagusa kabati, akakikazia macho. Maneno yakiwa kichwa chini huwezi kuyasoma, alisema, kwa hiyo picha hubaki peke yake na inabidi ijitetee. Na umbali ule ulikuwa umbali wa mtoto anayeketi nyuma kabisa ya mkeka, yule ambaye kila siku wenzake humtangulia kukaa mbele. Kama yule wa nyuma haoni mshumaa, basi kwenye kitabu hicho hakuna mshumaa.

Baada ya hapo alifungua ukurasa wa katikati. Ukurasa wa kwanza hakuuamini. Alisema ni kama bwana anayekuja kuposa: amechana nywele na viatu vinang'aa. Yeye alitaka kukikuta kitabu nyumbani, kikiwa kazini. Akimaliza alitoa hukumu, na katika miaka tisa niliyokaa naye hukumu nyingi zilikuwa moja: "Kitabu hii hapana."

"Kitabu hiki, Mwalimu," nilimsahihisha mwaka wa kwanza.

"Kitabu hii," alijibu. "Kiswahili yangu nilipata Morogoro nikibeba ndoo za maji. Hakuna mtu ataninyang'anya."

Sitataja jina lake. Hata mlangoni pa maktaba hakukubali liandikwe, ingawa shule ilishalipia kibao. Watoto walimwita Mwalimu kwa sababu mimi nilimwita Mwalimu, na mpaka leo wapo vijana wa Johannesburg wasiojua Kiswahili isipokuwa neno hilo moja.

Shule yenyewe ni ya chekechea, ya Kiyahudi, ipo mtaa wa Observatory kwenye mteremko unaotazama Yeoville. Maktaba ilikuwa gereji ya zamani: sakafu ya saruji, mkeka mkubwa, dirisha moja, na rafu alizozitengeneza fundi aliyedhani watoto wa miaka mitatu ni warefu. Mwalimu aliziteremsha zote kwa mikono yake. Mimi niliajiriwa kufanya usafi. Nilikuwa nimetoka Tanga kumfuata mume wangu, ambaye ana spaza, duka dogo la mtaani, huko Soweto, na tulikuwa tunaishi Joubert Park ghorofa ya saba, kwa lifti siku ambazo lifti ilitaka.

Siku yangu ya tatu kazini nilikuwa ninafuta rafu zile, vumbi likanipanda puani, nikasema peke yangu, "Ala! Vitabu vyote hivi na hakuna wa kuvipangusa?"

Sauti ikanijibu kwa Kiswahili kutoka nyuma ya kabati: "Nilikuwa nakungoja wewe."

Nusura niangushe ndoo. Akatokea mwanamke mzungu, mfupi, mwenye mvi zilizokatwa kama za mwanamume, na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Nilichokifanya kilikuwa cha mazoea tu, niliinama kidogo nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba kwa kirefu, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Baadaye aliniambia kwamba jijini humu alikuwa na watu wa kumwita komredi na watu wa kumwita madam, lakini hakuwa na mtu wa kumwamkia. Miaka ya ukimbizi, wakati wa ubaguzi wa rangi, aliwafundisha watoto wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini karibu na Morogoro. Hilo ndilo nililolijua juu ya maisha yake ya nyuma, na sikulichimba.

Adui yake wa kwanza alikuwa theluji.

Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa siku nane, huangukia mwezi wa Desemba au karibu na hapo. Desemba ya Johannesburg tunaijua: jua la kuchoma nywele, na alasiri mvua ya radi inayokuja na mawe. Lakini vitabu vingi tulivyoletewa vilichorwa ng'ambo, na humo watoto wote walivaa makoti, na nje ya dirisha theluji ilianguka ukurasa hadi ukurasa. Mwalimu aliviweka mezani kimoja kimoja, akavigonga kwa kidole.

"Theluji ya nani, Mama Zuhura? Wewe unaona theluji?"

"Sioni, Mwalimu. Naona jasho."

"Basi!"

Mwaka Mpya wao ulimpa tabu ileile. Huja Septemba, wakati miti ya Observatory inachipua, na vitabuni majani yalikuwa yanakauka na kuanguka. Aliwaandikia wachapishaji barua. Mmoja alimjibu kwa adabu kwamba watoto wa Kusini wangefaidika kwa kujifunza habari za theluji. Barua ile aliibandika chooni.

Niliwahi kumwambia kwamba ni jambo dogo, watoto hawajali. Alinigeukia kwa ukali ambao sikuuzoea bado.

"Dirisha linamwambia mtoto kitu moja, kitabu inamwambia kitu nyingine. Unafikiri ataamini nini? Ataamini kitabu! Atakua akijua sikukuu yake inatokea kwa watu wengine, mahali pengine, na yeye anaiazima tu. Hapana. Mimi sikurudi nchi hii kuwa mgeni."

Na bado, kwenye rafu ya chini kabisa, kilikuwapo kitabu cha Hanuka kilichojaa theluji mpaka kwenye jalada, kimekatika mgongo na kufungwa kwa utepe. Nilipomuuliza mbona hicho kimesalimika, aliona haya kidogo. Bibi wa mle ndani, alisema, anaunguza maandazi ya viazi na kuitukana sufuria. Kwa sababu ya bibi huyo alimsamehe mchoraji theluji yote.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na sheria, na kila sheria ilikuwa na mtoro mmoja aliyefichwa rafu ya chini. Alisema vitabu vyenye vitufe vya kupiga muziki ni takataka zenye betri, kisha nikamfuma asubuhi moja, kabla watoto hawajafika, ameketi mkekani peke yake akibonyeza kimoja na kukiitikia. Aliwafokea wazazi waliochelewesha vitabu vya maktaba, na nyumbani kwake, siku nilipompelekea dawa, nilikuta rafu nzima ya vitabu vya maktaba nyingine tatu. Aliniambia wazi kwamba Mungu hamwamini. Lakini ilipofika Pesach, wiki yao ya kutokula mkate, alipiga magoti na tochi akitafuta makombo ya biskuti chini ya rafu, na ole wangu nikipita na sambusa.

"Kama humwamini, nani atakukasirikia?" nilimuuliza.

"Bibi yangu," alisema. "Amekufa lakini bado ana hasira."

Katika kuchagua vitabu hakuwa na mchezo kabisa. Kitabu cha mtoto wa mwaka mmoja, alisema, ni chakula, na alitaka kujua kwanza kama kinatafunika. Alikipeleka chumba cha watoto wachanga asubuhi, akakichukua jioni, akakagua alama za meno. Kwa hao alitaka kitu kimoja katika ukurasa mmoja: tufaha, asali, mshumaa, pembe ya kondoo. Asielezwe mtoto huyo habari za wafalme, yeye bado anashangaa kwamba tufaha ni jekundu. Kwa wa miaka mitatu alitaka kitu kipotee na kipatikane. Kwa wa miaka mitano alitaka mtu mwenye makosa. Kitabu ambacho mtoto ni mwema ukurasa wa kwanza na mwema ukurasa wa mwisho alikirudisha dukani akasema hakijaisha kuandikwa. Alihesabu pia nani anapika na nani anaomba. Baba akiwa amekaa na kitabu cha dua kurasa zote na mama hajaiacha sufuria, alikifunga.

Pesach ndiyo iliyompa kazi kubwa, kwa sababu mle kuna Firauni. Kisa cha Musa nilikijua tangu chuo cha Kurani, Tanga, nilipigwa viboko kwa ajili yake, kwa hiyo hapo tulikaa sawa, tukashindana. Siku moja alikuwa na vitabu viwili mezani. Katika cha kwanza askari wa Firauni walikuwa wanazama baharini na nyuso za kuchekesha, ndimi nje, samaki juu ya kofia. Katika cha pili Firauni alikuwa mzee mnunaji tu, mwishowe akatabasamu na kuwaacha watumwa waende zao. Mimi nilisema cha pili ni kizuri, hakitishi.

"Cha kwanza inafundisha mtoto kucheka mtu akifa," alisema. "Cha pili inafundisha kwamba watumwa walipata uhuru kwa sababu bwana alifurahi. Katika mji huu, Mama Zuhura! Waulize watu wa mji huu kama bwana alifurahi."

Vyote viwili vikarudi. Mwaka ule tulisoma Pesach na vitabu vitatu tu.

Yeye ndiye aliyenisukuma mimi kusoma. Zuhura wangu alikuwa na miaka minne wakati huo, na Kiswahili alikuwa anakisikia, lakini nikimwambia "njoo ule" ananijibu kwa Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu, ambacho alikiokota kwenye ngazi za ghorofa. Nilimlalamikia Mwalimu. Hakunipa pole. Alinipa kitabu kimoja kwenye mfuko wa plastiki, kinyume cha kanuni za shule, akasema, "Picha haina lugha. Weka yako."

Kwa hiyo kila Ijumaa nilishuka mlima na kitabu cha sikukuu ya Kiyahudi mkobani, na Jumamosi tulikaa kitandani, Zuhura na mimi, nikakisema kwa Kiswahili cha Tanga. Jirani yetu Bi Mwanaidi, mtu wa Unguja, alikuja kuazima chumvi akatukuta tumefungua ukurasa wa mishumaa minane.

"Na wewe ndio umefika huko?" aliniuliza. "Na haya mambo jeshi lao linayoyafanya kule vitani kila siku tunayaona kwenye simu, wewe unawapangusia vitabu, kisha unawaleta nyumbani kwa mtoto?"

Maneno yale yalinikaa kifuani. Jumatatu nilimweleza Mwalimu kama yalivyo, sikuyapaka asali. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yake yakapanda karibu na kidevu.

"Mwambie jirani yako ana haki ya kukasirika," alisema taratibu. "Mimi pia nina hasira, na baadhi ya watu wangu hawanisalimii kwa sababu nasema. Lakini mwambie hivi pia: mtoto wa miaka mitatu hana jeshi. Na kama anataka kuja kunigombeza mwenyewe, nitapika chai."

Bi Mwanaidi hakuja. Lakini siku nyingine aliniuliza yule mzungu wako hajambo, na hilo kwake lilikuwa jambo kubwa.

Sasa niseme habari ya Purimu, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani Mwalimu alikuwa kizee mwenye vituko tu.

Purimu ni sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kusikia kisa cha Malkia Esta, aliyewaokoa watu wake wasiuawe na waziri mwovu. Katika darasa la wakubwa kulikuwa na mtoto anayeitwa Lindiwe. Alikuwa mtoto wa kulea, mweusi, wazazi wake Wayahudi wa pale pale Observatory. Mtoto mchangamfu, mwenye baiskeli yake na maneno yake. Wiki tatu kabla ya sikukuu Mwalimu aliwauliza watoto nani atakuwa nani. Wasichana wanne walitaka kuwa Esta. Lindiwe akasema yeye atakuwa farasi.

"Mbona farasi?" Mwalimu akamuuliza.

"Esta hafanani na mimi," alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akanyoosha kidole kwenye rafu. Vitabu tisa vya Purimu, Esta tisa, wote weupe, na watano kati yao na nywele za rangi ya mahindi.

Watoto walipokwenda kula Mwalimu aliviondoa vitabu vyote tisa, akavitia kwenye sanduku, akaandika kwa Kiingereza, kwa kalamu nene, kwenye karatasi na kuibandika kwenye rafu tupu: HAPA HAKUNA KITABU MPAKA KIPATIKANE KITABU.

"Eish, Mwalimu," nilisema. "Watakuja juu."

"Waje. Esta alizaliwa Uajemi, hakuzaliwa kwa matajiri wa Sandton."

Wakaja juu kweli. Wazazi waliokuja kuchukua watoto waliisoma ile karatasi, na siku ya pili kamati ya shule ikaita kikao maktabani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba wa watoto wawili, mtu mpole, mwenye haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, akakiri kwamba ana hoja, akaahidi kulishughulikia. Na alilishughulikia. Aliagiza kwa ndege nakala kumi za kitabu cha Purimu chenye msichana mweusi kwenye jalada. Siku nne kabla ya sikukuu alikileta mwenyewe, na wajumbe wawili wa kamati, wakiwa na furaha ya watu waliotimiza neno. Mimi niliitwa kuleta chai.

Mwalimu alikigeuza juu chini. Akarudi nyuma hatua nne. Akafungua katikati, akasoma, akarudi mwanzo, akasoma mpaka mwisho, na sisi wote tumesimama. Mle ndani msichana mweusi anawasili kutoka mbali, nguo zimechanika. Watoto wa shule wanamwonea huruma. Hana vazi la sikukuu. Wanamchangia, huyu taji, huyu kanzu. Mwishoni anavaa na kushukuru.

"Hapana," alisema Mwalimu kwa Kiingereza.

Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri. "Ulitaka mtoto mweusi. Tumekuletea."

"Nilitaka mtoto," alisema Mwalimu. "Huyu ana kurasa ishirini na nne na katika zote anasema neno moja tu, asante. Lindiwe hajawahi kusema asante mara moja kwa siku bila kukumbushwa. Lindiwe ana baiskeli! Nikiwasomea hiki, kesho yake watoto wataanza kumhurumia, na yeye atajifunza kwamba sikukuu ya kwao ni ya kupewa."

Mmoja wa wajumbe akasema kwamba haiwezekani kumridhisha mtu wa namna hii. Uso wa mwenyekiti ulikuwa umebadilika. Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwangu na sinia langu.

"Wewe, Mama, ni mama mweusi, una mtoto. Unakionaje?"

Nilikuwa nimekwisha kukisoma kile kitabu kwa kuchungulia begani kwa Mwalimu. Nilijua ninachokiona. Nilimwona yule msichana amesimama katikati ya wafadhili wake, na ndivyo nilivyosimama mimi miaka yote kwenye mageti ya watu, nikishukuru. Lakini niliona pia karatasi zangu za ukazi, ambazo barua ya shule ndiyo iliyozishikilia. Nikasema, "Sijui, bwana. Mimi ni wa usafi."

Mwalimu hakunitazama. Wale watu walipoondoka alinisaidia kukusanya vikombe, akasema jambo moja tu: "Ulijua." Hakulisema kwa ubaya. Lakini nililibeba neno hilo mpaka Joubert Park, na kulishusha kulinichukua miaka.

Siku ya Purimu alisimulia bila kitabu. Aliwaketisha watoto mkekani, akawaambia wafumbe macho. "Mfalme anatafuta malkia. Anaingia Esta. Mmemwona?" Wakasema wamemwona. "Msiniambie yukoje. Huyo ni wenu." Kisa kizima alikisema hivyo, macho yao yamefumbwa, na yalipofika maneno ya Esta kwa mfalme alinyamaza na kuwataka wao waseme. Lindiwe alisimama, mkia wa farasi wa nyuzi za sufu bado unaning'inia nyuma, akaamuru yule waziri mwovu atolewe nje, kwa Kiingereza kwanza na kwa Kizulu baadaye ili asikie vizuri. Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio na niliona kichwa cha mwenyekiti dirishani. Alisikia yote. Hakuingia.

Baada ya wiki mbili Mwalimu aliandikiwa barua nzuri sana ya kumtaka apumzike.

Hakupumzika. Alinunua kiti cha kukunja, akakiweka upande wa pili wa barabara, mbele ya geti la shule, saa ya watoto kuchukuliwa. Kila Ijumaa iliyotangulia sikukuu yoyote alikaa pale na vitabu vyake vitatu au vinne akamsomea yeyote atakayesimama. Mwanzoni alikuwa Lindiwe na mama yake tu. Baadaye wakawa sita, saba, na wasichana wa kazi wanaokuja kuchukua watoto, na mtoto wa muuza mahindi. Shule ikamtuma mlinzi wa geti, Mkongo wa Bukavu, akamwondoe.

"Mama, bamenituma," alisema mlinzi, kofia mkononi. "Banasema usikae hapa."

"Barabara ni ya manispaa," alijibu Mwalimu. "Mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Mitano, Mama."

"Mlete Ijumaa."

Akamleta. Mwalimu alikaa pale misimu minne, jua na vumbi, na siku moja mvua ya mawe, ambapo mlinzi yuleyule alimfunika kwa mwavuli wa shule. Hata mwenyekiti wa kamati, siku moja ya Septemba, alishusha kioo cha gari akasikiliza hadithi ya tufaha na asali mpaka mwisho, magari yakimpigia honi. Kilichomwondoa Mwalimu barabarani kilikuwa macho. Alianza kuwasomea watoto kurasa ambazo hakuzifungua, kwa sababu alizijua kwa moyo, na mtoto mmoja akamwambia, "Mwalimu, hapo si hapo." Jioni ile alikunja kiti.

Maktaba alipewa mwalimu kijana, akahama baada ya muhula mmoja. Mkuu wa shule alikuwa amenikuta mara kadhaa nikiwasomea watoto waliochelewa kuchukuliwa, akaniuliza kama ningeweza kushika kwa muda. Muda huo haujaisha. Mambo ya Mungu mimi siwafundishi watoto wa watu, hayo yana wenyewe, walimu wao. Mimi nachagua vitabu, napendekeza, na mkuu anatia sahihi.

Mwaka jana, kabla ya Sikukuu ya Vibanda, nilikwama. Hiyo ni sikukuu ambayo familia hujenga kibanda nje, kwenye ua au kwenye roshani, na kula humo juma zima. Kilikuja kitabu kimoja kilichonishika mkono nikashindwa kukiweka chini na nikashindwa kukipitisha. Nikapanda teksi nikaenda kumwona Mwalimu kwenye nyumba ya wazee alikohamia.

Nilimkuta kwenye veranda, blanketi magotini, akigombana na muuguzi juu ya redio. "Shikamoo, Mwalimu." Aligeuza uso upande wa sauti, akaitikia. Mikono yake ilikuwa imekonda. Akaishika yangu, akaipapasa vidole, akauliza habari za Zuhura. Nikamwambia yuko sekondari, ananijibu kwa Kiswahili akitaka hela. Akacheka mpaka akakohoa.

"Umekuja na kitabu," alisema. "Nasikia karatasi. Nieleze."

Haoni kabisa sasa. Kwa hiyo nilikaa kwenye ngazi ya veranda nikamweleza ukurasa kwa ukurasa. Ghorofa kubwa, roshani ndogo. Watoto watatu wanajenga kibanda kwa shuka na vijiti vya ufagio. Mama anarudi kutoka kazini, viatu mkononi. Anaketi ndani ya kibanda awaambie ni kizuri, na kabla hajasema, analala. Kuanzia hapo mpaka mwisho mama amelala, kichwa mezani, na watoto wanapamba kibanda juu yake, wanaweka chakula, wanakula, wanamfunika.

"Haamki?"

"Haamki, Mwalimu. Ukurasa wa mwisho nyota zinaonekana kwenye shuka, na yeye amelala."

"Hapana," alisema. "Rudisha. Mtoto mdogo atafikiri amekufa. Na sikukuu iko wapi? Sikukuu ni mama kuwa macho na wao."

"Mtoto mdogo anajua tofauti ya mama aliyelala na aliyekufa," nilisema. "Zuhura ameniona nimelala hivyo mezani tangu alipozaliwa. Miaka yote hii vitabu vyetu vina mama waliosimama wanacheka. Hakuna hata mmoja anayefanya kazi mpaka akaanguka, na wanawe wakaifanya sikukuu wenyewe."

"Watapiga kelele wazazi."

"Wapige."

"Mama Zuhura, nakwambia kitabu hii inakosea."

"Na mimi nakwambia haikosei."

Nilisikia sauti yangu ikienda mpaka kwa muuguzi. Sikuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote Johannesburg, seuze yeye. Aliuelekeza uso bustanini, vidole vikicheza na pindo la blanketi. Nilidhani nimemuumiza.

"Kesho nani anasoma?" akauliza.

"Mimi."

"Basi umekuja kuniuliza nini?"

Kesho yake nilikisoma. Tulipofika pale mama alipolala, msichana mmoja wa miaka minne, aliyeketi nyuma kabisa, alisimama, akapita katikati ya wenzake mpaka kwenye kitabu, akaweka kidole mdomoni na kuniambia nisipige kelele. Darasa zima likanyamaza. Nikakimaliza kwa kunong'ona, na hakuna aliyesogea.

Nilimpigia simu Mwalimu, nikamweleza.

"Sijasema nimekosea," alisema.

"Hujasema, Mwalimu."

"Lakini hicho watakichana upesi. Agiza cha pili."